Kupima ugumu wa maji kwa mizani: mabaki ya kwenye bakuli si ugumu

Mchujaji_Tororo (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wana maabara.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya jambo linalojirudia kwenye ripoti za wanafunzi, wa sekondari na wa chuo pia. Mtu anachota maji ya kisima cha pampu, anapima mililita 100, anachemsha kwenye bakuli la kauri mpaka yakauke, anapima uzito wa ukoko mweupe uliobaki, halafu anaandika kwa wino: "ugumu wa maji". Hapana. Ukoko ule ni jumla ya vyote vilivyokuwa vimeyeyuka na havikuondoka na mvuke. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu, basi. Tunaueleza kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita ili namba za watu tofauti ziweze kulinganishwa.

Anayebisha afikirie Ziwa Katwe kule Kasese, ambako watu wamevuna chumvi vizazi na vizazi. Kausha glasi moja ya maji yale uone mzigo utakaobaki. Kwa hesabu ya bakuli, hayo yangekuwa maji magumu kuliko yote Uganda. Lakini chumvi ile ni ya sodiamu: kloridi, sulfeti, kaboneti. Kaboneti ikiwa nyingi namna ile kwenye maji, kalsiamu haina nafasi ya kubaki imeyeyuka, inashuka chini kama chokaa. Kwa hiyo mzigo mkubwa kwenye mizani, na kalsiamu kidogo sana.

Na hata kwa maji ya kawaida ya kunywa, bakuli halikupi hesabu safi. Haidrojenikaboneti (kaboneti yenye haidrojeni, iliyoyeyuka ndani ya maji) inapochemshwa inavunjika: sehemu inabaki kama kaboneti, sehemu inaondoka kama kaboni dioksidi na mvuke. Umepima vitu usivyotaka, na ulivyokuwa navyo vingine vimeshapaa. Mizani inakupa namba yenye desimali nne, namba nzuri kabisa, ya kitu ambacho huwezi kukiandikia fomula. Hapo ndipo shida ilipo. Gravimetri, yaani upimaji kwa uzito, ina sharti moja: kabla ya kuweka kitu kwenye mizani, ujue fomula yake.

Sasa, njia ya kufanya kalsiamu ishuke peke yake, ikiwa na fomula inayojulikana, ni oksaleti, inayoshikana na kalsiamu na kushuka nayo chini. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu kila hatua ina sababu yake, na asiyejua sababu ndiye anayeiruka.

Anza na sampuli. Pampu kwanza maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, kisha jaza chupa mpaka juu. Maji magumu yakikaa siku kadhaa kwenye chupa au jerikeni huacha utando mweupe ukutani. Utando ule ni kalsiamu ya sampuli yako, na ukimimina maji ukaacha utando, umeacha jibu ndani ya chupa. Kwa kipimo cha kalsiamu yote, tia asidi haidrokloriki kidogo ndani ya chupa yenyewe ili utando uyeyuke na kurudi kwenye maji. Maji yakiwa na tope, yachuje kabla ya kutia asidi.

Pima mililita 200 kwa pipeti au flaski ya ujazo, mimina kwenye bika. Tia asidi haidrokloriki kiasi cha kuyafanya maji yawe na uchachu wa wazi, na matone machache ya methili nyekundu, rangi inayoonyesha asidi, maji yatakuwa mekundu. Chemsha dakika chache ili kaboni dioksidi itoke yote. Kisha tia myeyuko moto wa amonia oksaleti, mililita 25 za asilimia 4 zinatosha na kuzidi kwa maji mengi ya visima. Hapa kwa kawaida hutaona mashapo, au utaona kidogo tu, na ndivyo inavyotakiwa. Kwenye asidi, oksaleti nyingi imeshikwa na haidrojeni, haijawa huru kuikamata kalsiamu.

Halafu, maji yakiwa kwenye nyuzi 70 hadi 80, dondosha amonia iliyozimuliwa, tone kwa tone, huku unakoroga, mpaka rangi igeuke kutoka nyekundu kuwa njano. Usimimine. Ukimimina amonia kwa pupa, oksaleti yote inaachiwa kwa mpigo mmoja, na kalsiamu inashuka kama unga laini sana. Unga huo unapita kwenye chujio, na ule usiopita unaziba matundu, na ndani yake umefunga uchafu wa maji yenyewe. Ukidondosha polepole, punje zinazoanza ni chache na zinapata muda wa kukua. Mashapo mazuri ya oksaleti yanaonekana kwa macho kuwa ni punje, yanatua haraka na kuacha maji maangavu juu yake.

Acha yakae kama saa moja yakomae bila kupashwa moto zaidi. Katika muda huo punje ndogo zinayeyuka na kujishikiza kwenye kubwa. Kabla ya kuchuja, dondosha oksaleti kidogo kwenye maji ya juu. Yakifanya ukungu, kalsiamu haijaisha.

Chujia kwenye krusibo (kikombe kidogo cha maabara) ya kioo yenye sakafu ya matundu laini, ambayo umeshaikausha na kuipima. Kuosha nako kuna hesabu yake. Kalsiamu oksaleti si kwamba haiyeyuki kabisa: lita moja ya maji safi ya joto la kawaida inaweza kubeba karibu miligramu 7. Ukiosha kwa mililita 100 za maji matupu umeweza kupoteza hadi miligramu 0.7. Ndiyo maana tunaosha kwa myeyuko baridi, mwepesi sana, wa amonia oksaleti, kwa sababu oksaleti iliyomo tayari inazuia mashapo yasiyeyuke. Mwisho kabisa pitisha maji baridi kidogo mara mbili hivi, ili amonia oksaleti yenyewe isibaki ikaongeza uzito. Kujua kama kloridi imeisha, kinga matone ya maji yanayotoka, tia asidi naitriki kisha fedha naitreti. Msisahau asidi naitriki, kwa sababu fedha oksaleti nayo ni nyeupe na itawadanganya.

Kausha kwenye oveni nyuzi 105. Kwenye joto hilo unachopima ni CaC2O4·H2O, yaani kila chembe ya oksaleti imebaki na molekuli moja ya maji. Uzito wa moli ni 146.11. Poza kwenye desikata, chombo kilichofungwa chenye hewa kavu, mpaka ifikie joto la chumba kabisa. Krusibo ya moto inapandisha hewa kuizunguka na mizani inasoma pungufu. Rudisha kwenye oveni, poza, pima tena, mpaka vipimo viwili vinavyofuatana visitofautiane zaidi ya miligramu 0.3.

Hesabu. Tuseme mashapo ni gramu 0.1168 kutoka mililita 200. Zidisha kwa 100.09, gawa kwa 146.11, yaani zidisha kwa 0.6850. Unapata gramu 0.0800 kama kalsiamu kaboneti. Kwa lita ni miligramu 400. Huo ni ugumu wa kalsiamu. Wa magnesiamu bado upo kwenye maji yaliyopita chujio, msiyamwage.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana_wa_Banda

Asante sana mkuu. Mimi ni mwaka wa kwanza hapa Kampala na kwa kweli nilifanya hivyo ulivyosema, nilikausha mililita 100 za maji ya kisima cha kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, nikapata gramu 0.0742, nikaandika 742. Kwa hiyo hiyo 742 ni takataka tu?

Na swali la pili: kwa nini maji ya kwetu yanaacha ukoko mwingi hivyo kwenye birika, wakati hapa hosteli birika linakaa safi?

---

Mchujaji_Tororo

@Kijana_wa_Banda si takataka mdogo wangu. Ni kipimo cha jumla ya vitu vilivyoyeyuka, na kina maana yake, weka kwenye daftari kwa jina lake. Kitakusaidia baadaye: ugumu utakaoupata usizidi namba hiyo kwa kiasi kisichoelezeka.

La pili, hosteli yenu inapata maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Ggaba, hapo Kampala kando ya ziwa. Yale ni maji laini, kalsiamu yake ni miligramu chache tu kwa lita. Kwetu maji ya kisima yanatoka ardhini. Vilima vya Sukulu na Tororo ni mwamba wenye kaboneti ya kalsiamu, ndiyo hiyo iliyoleta kiwanda cha saruji hapa miaka ya 1950. Mvua inashuka ikiwa na kaboni dioksidi, inaongeza nyingine kwenye udongo ambako mizizi inapumua, na maji hayo yenye uchachu kidogo yanaula mwamba polepole na kuubeba kama haidrojenikaboneti. Birika linapochemka linaigeuza safari ile: gesi inatoka, kaboneti inarudi kuwa jiwe. Huo ndio ugumu wa muda. Kama kalsiamu imeambatana na sulfeti au kloridi, kuchemsha hakuiondoi.

---

Mzee_wa_Bureti

Naheshimu maelezo, yamenyooka. Lakini ndugu yangu, mwaka huu nani anapima ugumu kwa oksaleti? EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu na magnesiamu, bafa ya kushikilia pH 10, Eriochrome Black T ya kuonyesha mwisho, rangi inatoka nyekundu ya zambarau kuwa buluu, dakika kumi umemaliza na umepata kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Oksaleti inakula siku nzima. Schwarzenbach, mwanakemia wa Uswisi, alishatutoa huko tangu miaka ya 1940.

---

Mchujaji_Tororo

@Mzee_wa_Bureti nakubaliana nawe kwa kazi ya kila siku. Ukiwa na sampuli thelathini za visima asubuhi, EDTA, hakuna mjadala. Mimi mwenyewe ndiyo ninayoitumia.

Lakini jiulize, EDTA yako umeijuaje kuwa ni moli 0.0100 kwa lita? Umeisanifisha, yaani umepima nguvu yake, kwa kalsiamu kaboneti safi uliyoipima kwenye mizani. Kwa hiyo hata bureti, bomba la kudondoshea EDTA, inaegemea mizani. Gravimetri ya oksaleti haihitaji myeyuko sanifu wowote: inataka mizani iliyo sawa na uzito wa atomi, na uzito wa atomi wenyewe ulipatikana kwa kazi ya namna hii hii. Theodore Richards alipewa Nobeli ya kemia ya 1914 kwa kupima uzito wa atomi za elementi nyingi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kushusha mashapo, kuosha, kukausha na kupima kwa uangalifu ambao ni vigumu kuusimulia.

Maabara ikipata matokeo mawili ya EDTA yanayogombana, inahitaji njia ya tatu isiyoshiriki makosa ya EDTA. Shaba au chuma kidogo kwenye maji kinaweza kuzuia Eriochrome isigeuke vizuri, na macho ya watu wawili hayaoni buluu kwa wakati mmoja. Oksaleti haijali macho ya mtu. Na kwa mwanafunzi, siku ile nzima ndiyo anayojifunza maana ya kitu kuwa safi.

---

Mwalimu_Arua

Salamu kutoka West Nile. Mchujaji, sisi shuleni tunatumia sodiamu kaboneti badala ya oksaleti. Tunatia, mashapo meupe yanashuka, tunachuja kwa karatasi, tunakausha, tunapima pamoja na karatasi. Oksaleti ni sumu na inagharimu, pampu ya kunyonya hewa hatuna, na krusibo za kioo hatuna. Je, tuache?

---

Mchujaji_Tororo

Mwalimu, msiache, ila muwaambie wanafunzi mipaka yake. Ya kwanza, kalsiamu kaboneti inayeyuka zaidi, karibu miligramu 13 kwa lita, na punje zake za baridi ni laini sana. Pashieni maji moto wakati wa kuishusha. Ya pili, magnesiamu inashuka nusunusu pamoja nayo, kwa hiyo mashapo hayana fomula moja. Ya tatu ni karatasi: inavuta unyevu wa hewa, na siku ya mvua Arua inaweza kubadilika uzito kuliko mashapo yenyewe. Angalau kausheni karatasi tupu nyuzi 105 na kuipozea kwenye desikata kabla, kisha mfanye hivyo hivyo baadaye, na muwe na karatasi ya pili isiyo na mashapo inayopita safari yote hiyo pamoja nayo.

Ila mkiweza kupata oksaleti kidogo, kuna njia nzuri kwa shule isiyo na pampu wala krusibo. Shusheni kalsiamu oksaleti kama nilivyoeleza, chujeni kwa karatasi ya kawaida na faneli, osheni vizuri kwa maji baridi kidogokidogo mpaka oksaleti ya ziada iishe. Kisha toboeni karatasi, ondosheni mashapo kwa asidi salfyuriki ya moto iliyozimuliwa, yayeyuke yote kwenye bika, na mtitreti (mdondoshe huku mkipima ujazo) kwa pamanganeti ya potasiamu maji yakiwa nyuzi 60 hadi 80. Pamanganeti moli 2 kwa oksaleti moli 5. Rangi ya waridi ikibaki, mmemaliza. Hakuna kupima karatasi hata kidogo, na kila oksaleti moja ni kalsiamu moja. Ubaya ni kwamba pamanganeti nayo lazima isanifishwe, kwa sodiamu oksaleti.

Na sumu ni kweli. Pipeti kwa mpira, kamwe si kwa mdomo, na mikono ioshwe kabla ya chai.

---

Nalongo_Kireka

Jamani mimi si mtu wa maabara, nina kibanda cha chakula. Nimesoma mpaka mwisho kwa sababu ya maharagwe. Dada yangu aliyeolewa huko mashariki analalamika maharagwe hayaivi na sabuni haitoi povu. Ni haya haya? Na tukitia magadi yanaiva. Kuna kemia hapo?

---

Mchujaji_Tororo

Nalongo, ni haya haya, na swali lako ni zuri kuliko mengi ya darasani. Kalsiamu inajifunga kwenye pektini inayoshikilia seli za maharagwe na kuifanya iwe ngumu kulainika, kwa hiyo moto unawaka na maharagwe yanakataa. Magadi ni kaboneti ya sodiamu iliyochanganyika na haidrojenikaboneti. Ukiyatia, kalsiamu inashuka kama chokaa na kuacha maji laini, na uchungu wa magadi wenyewe, yaani ualkali, kinyume cha uchachu, unailegeza pektini. Ni kile kile anachofanya Mwalimu wa Arua kwenye bika, tofauti ni kwamba wewe huchuji. Yasizidi, yanaharibu ladha na vitamini, na ni sodiamu, wenye presha waangalie.

Sabuni nayo ndiyo ilikuwa kipimo cha kwanza. Thomas Clark wa Aberdeen mwaka 1841 alitoa njia ya kupima ugumu kwa kuhesabu myeyuko wa sabuni unaohitajika mpaka povu lisimame. Kalsiamu inakula sabuni kwanza, inafanya ule utando wa kijivu kwenye beseni, na povu linaanza kalsiamu ikiisha. Ila kwa maji ya Katwe sabuni nayo itakataa, na sababu yake si kalsiamu: chumvi nyingi inaizuia sabuni isiyeyuke. Kwa hiyo sabuni inaweza kumdanganya mtu kama bakuli linavyomdanganya.

---

Mkazi_wa_Wandegeya

Swali la afya. Nimeona hiyo kalsiamu oksaleti ndiyo mawe ya figo. Maji magumu yanaleta mawe? Na kikomo cha kisheria ni kipi?

---

Mchujaji_Tororo

Ni kweli mawe mengi ya figo ni kalsiamu oksaleti. Lakini usiunganishe haraka. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya. Linachozungumzia ni ladha na ukoko kwenye mabomba. Kwa mawe, hatari inayojulikana zaidi ni kunywa maji machache. Mwenye historia ya mawe aongee na daktari wake, si sisi.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12 cha 2014, kiliweka ugumu wa juu kabisa 300 kwa maji yaliyosafishwa na 600 kwa maji ya asili, vyote kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita.

---

Mzee_wa_Bureti

Nimekuelewa hoja ya njia ya tatu. Ila wape pia upande wa pili: maji ya Ggaba kwa oksaleti hayapimiki.

---

Mchujaji_Tororo

Kweli kabisa, asante. Tuseme maji ya bomba la Kampala yana ugumu wa kalsiamu wa 15. Mililita 200 zina miligramu 3 za kaboneti, yaani mashapo ya miligramu 4.4. Mizani na krusibo vikikosea miligramu 0.3 tu, umeshakosea karibu asilimia 7, na hujahesabu yaliyoyeyuka wakati wa kuosha. Ingebidi upunguze lita kadhaa kwa kuchemsha zikiwa na asidi kwanza. Kwa maji laini, EDTA. Njia hii ni ya maji kama ya kwetu.

Na kwa visima vyenye chuma, vile ambavyo maji yanatoka safi na baada ya saa kadhaa ndoo ina rangi ya kutu: msitie oksaleti moja kwa moja. Amonia itashusha chuma pamoja na kalsiamu na mashapo yatatoka ya kahawia. Chemsheni sampuli yenye asidi pamoja na asidi naitriki kidogo ili chuma chote kiwe cha aina ya tatu, tieni amonia kishuke, chujeni, kisha mrudishe asidi na kuanza oksaleti.

---

Kijana_wa_Banda

Mkuu nimerudi na majibu. Nimeomba nafasi maabara nikafanya sampuli tatu za mililita 200 za maji yale yale. Krusibo ya kwanza gramu 0.1166, ya pili 0.1171, ya tatu 0.1213. Ya tatu sikuwahi kuichuja siku ile ile, maabara ilifungwa, nikaikuta asubuhi. Nilidhani kukomaa usiku kucha ni bora zaidi kwa sababu punje zinakua. Nifanye wastani wa zote tatu?

Kisha nikafanya EDTA 0.0100 kwa mililita 50, ikatumika mililita 28.0.

---

Mchujaji_Tororo

Usifanye wastani wa tatu. Mbili za kwanza zinatofautiana miligramu nusu, hizo ni ndugu. Ya tatu ina miligramu zaidi ya nne za ziada, na ina historia tofauti. Kwa mashapo mengi usiku mzima unasaidia, lakini kwa kalsiamu oksaleti kwenye maji yenye magnesiamu unadhuru. Magnesiamu oksaleti inakawia kushuka. Inabaki kwenye maji ikiwa imezidi kiasi, kisha taratibu inaanza kujibandika juu ya punje za kalsiamu. Ndiyo maana niliandika saa moja.

Usinikubalie kwa maneno. Kama krusibo ya tatu bado unayo, yeyusha mashapo yake kwa asidi haidrokloriki moto, ongeza oksaleti kidogo, ishushe upya kwa amonia na uchuje ndani ya saa moja. Mara hii magnesiamu iliyopo ni ile tu iliyokuwa imejibandika, kidogo sana, itabaki kwenye maji.

Kwa EDTA: mililita 28.0 za 0.0100 ni milimoli 0.280, mara 100.09, gawa kwa lita 0.050, unapata 560. Huo ni ugumu wote.

---

Kijana_wa_Banda

Nimeishusha upya. Gramu 0.1169!

---

Mwalimu_Arua

Hongera sana kijana. Hii nitaipeleka darasani kesho kama ilivyo.

---

Mzee_wa_Bureti

Hapo umenipata, Mchujaji. 0.1166, 0.1169, 0.1171. Bureti yangu inaheshimu hiyo.

---

Mchujaji_Tororo

Safi sana. Sasa una tatu za kweli, wastani 0.1169, na ugumu wa kalsiamu ni 400 kwa kukadiria. Toa kwenye 560, unabaki na 160, hiyo ni magnesiamu, karibu miligramu 39 za magnesiamu yenyewe kwa lita. Na ile 742 yako ya bakuli bado iko pale juu yao, ikiwa na sodiamu, kloridi na silika ndani yake, kama inavyostahili.

Imebaki kuthibitisha hiyo 160 kwa mizani badala ya kutoa tu. Natumaini maji yaliyopita chujio la krusibo mbili za kwanza hukuyamwaga. Yapunguze kwa kuchemsha pamoja na asidi naitriki ili chumvi za amonia na oksaleti ziharibike, chini ya kofia ya kutolea moshi tafadhali. Kisha tia asidi haidrokloriki kidogo na amonia fosfeti, dondosha amonia mpaka maji yawe na uchungu (ualkali) wa wazi, na hapa, tofauti na kalsiamu, acha usiku kucha kwenye ubaridi. Chuja, osha kwa amonia baridi iliyozimuliwa, kausha, kisha choma kwenye tanuri nyuzi 1000 hadi 1100. Krusibo ya kioo haihimili joto hilo, tumia ya kauri yenye sakafu ya matundu. Kinachobaki ni Mg2P2O7, uzito wa moli 222.55, na kigezo cha kugeuza kuwa kalsiamu kaboneti ni 0.8995.

Kwa kila mililita 200 za maji yako tarajia karibu miligramu 35.6. Ukipata, andika hapa.